Kompyuta mpya ikidai akaunti, ngoja kwanza

Sisi walimu wa kujitolea wa darasa la jioni mwezi huu tunakuja kwenu na habari mbili za aibu na moja ya kufaa. Tumeona tuanze na zile za aibu, maana ndizo zimetufundisha, na hatutaki familia nyingine hapa Nakivale ipite njia ile ile.

Wengi mnakumbuka kwamba mwanzoni mwa 2025 darasa letu lilipata kompyuta mbili mpya kutoka kwa marafiki wa nje. Siku ile ilikuwa sherehe. Watoto walijaa mlangoni, mzee wetu wa kijiji akaleta mkeka wake mwenyewe. Tukaunganisha na sola, tukabonyeza, mashini ikaamka. Ikauliza lugha, tukajibu. Ikauliza nchi, tukajibu Uganda. Ikauliza intaneti, tukawasha simu ya mwenzetu iwape bando. Halafu ikauliza akaunti: weka barua pepe, weka namba ya simu, weka tarehe ya kuzaliwa. Tukatafuta mahali pa kusema hapana. Hapakuwepo.

Basi mwenzetu mmoja akasema, "Si tuweke yangu tu, tuanze kazi?" Tukapiga makofi. Kompyuta ya kwanza ikafunguliwa kwa namba yake. Ya pili ikafunguliwa kwa barua pepe ya mwenzetu mwingine. Hatukuandika popote. Hatukujua kwamba siku ile tulikuwa tunawapa watu wawili ufunguo wa nyumba ya watu wote.

HABARI YA KWANZA: TARAKIMU 48

Mwezi wa sita yule mwenzetu wa kwanza alipata safari. Jina lake lilitoka, akasafiri pamoja na familia yake, tukamsindikiza kwa nyimbo. Laini yake ya hapa akaiacha, ikakaa bila vocha, mwishoni ikakatwa. Hakuna aliyefikiria kompyuta.

Mwezi wa nane ile kompyuta ikaanza kusumbua kuwaka. Tukaipeleka kwa fundi. Akafungua, akabadilisha mipangilio fulani ya ndani, ikawaka. Lakini badala ya picha tuliyozoea, ukaja ukurasa wa bluu unaoomba ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane! Tukasema fundi ameharibu. Tulimlaumu bure, na kupitia kijarida hiki tunamwomba radhi.

Kumbe jambo lenyewe ni hivi. Kompyuta nyingi za leo zinafunga kwa siri kila kilichomo ndani, ili mwizi akiiba asiweze kusoma. Kitu hicho si kibaya. Lakini ufunguo wa kufungulia unatunzwa ndani ya akaunti ya yule aliyeianzisha mashini. Siku mashini ikiona imeguswa ndani, inaingiwa na wasiwasi, inadai ufunguo. Huna ufunguo, huingii, hata kama kompyuta umeibeba mkononi na risiti unayo.

Tukampata mwenzetu kwa WhatsApp. Neno la siri amelisahau. Akajaribu kulibadilisha, namba ya uhakikisho ikatumwa kwenye laini yake ya hapa, ile iliyokwisha kufa. Akaulizwa maswali ya kuthibitisha kwamba ni yeye, hata tarehe ya kuzaliwa hakukumbuka aliandika ipi, ya kweli au ya karatasi. Si ninyi mnajua, wengi wetu kwa karatasi tumezaliwa tarehe 1 Januari.

Ndani mlikuwa na alama za wanafunzi wa P7 za mihula miwili. Mwishoni fundi alifuta yote ili kompyuta ianze upya, na alama zikaenda. Tukazunguka nyumba kwa nyumba kuomba madaftari na karatasi za majaribio ya zamani. Mama mmoja alituletea daftari lililoloana na mvua, kurasa zimeshikana. Akatuonyesha kwa kidole: "Mwalimu, soma hapa. Ni sabini na moja. Niliiona kwa macho yangu kabla ya mvua." Tukaandika 71. Wengine hawakuwa na karatasi yoyote, na kwao tuliacha nafasi wazi. Watoto wale hawakufanya kosa lolote.

HABARI YA PILI: BARUA YA MAMA

Hii ni ngumu zaidi kuisema, lakini mama mwenyewe ameturuhusu tuieleze bila jina lake.

Mama huyu alitaka kuandika barua kuhusu yale yaliyompata kule nyumbani, ili aipeleke ofisini pamoja na karatasi zake. Hajui kuandika vizuri, basi alikuja jioni, akasimulia, sisi wawili tukaandika kwenye kompyuta ya pili. Alilia, tukangoja, tukaendelea. Tulipomaliza tukamchapishia nakala moja, na barua ikabaki ndani ya kompyuta. Tulijua imekaa pale pale, chini ya kufuli la darasa.

Wiki kadhaa baadaye yule mwenzetu mwenye barua pepe alikwenda Mbarara kuchapisha mitihani. Dukani akafungua akaunti yake kwenye kompyuta ya duka ili achukue faili lake. Mbele yake na mbele ya kijana wa duka likatokea kabati zima la darasa letu: picha za watoto, karatasi za familia tulizopiga skani, na barua ya mama, jina lake juu.

Hakuna aliyeiba. Kompyuta iliyoanzishwa kwa akaunti mara nyingi inaanza kunakili faili zako kwenda kwenye ghala la akaunti hiyo huko intaneti, bila wewe kubonyeza kitu kipya. Ndiyo maana bando letu pia lilikuwa linakwisha kabla ya Jumatano, na sisi tukiwalaumu vijana kwamba wanaangalia video. Ghala la bure la Microsoft ni la GB 5 tu, likijaa linaanza kukuletea ujumbe ununue nafasi.

Tulimweleza mama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi niliwaambia ninyi wawili tu, mwalimu." Tukamwomba msamaha, tukaifuta barua huko na kwenye kompyuta mbele ya macho yake, tukampa nakala kwenye flashi yake mwenyewe. Lakini neno lile limebaki kwetu.

KWA NINI KOMPYUTA INALAZIMISHA?

Zamani kompyuta ilikuwa kama jembe: unainunua, unaipeleka shambani. Unaandika jina lolote, unaweka neno la siri au huweki, unaanza. Jina hilo liliishi ndani ya mashini tu. Hiyo tunaiita akaunti ya ndani.

Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, aina yake ya Home, ile inayokuja kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu, ilianza kudai intaneti na akaunti ya Microsoft tangu siku ya kwanza. Mwaka 2022 sharti hilo likafika hata kwa aina ya Pro ikianzishwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Wenyewe wanasema ni kwa usalama na urahisi: ukisahau neno la siri unasaidiwa, ukipoteza mashini faili zako zipo. Si uongo. Kwa mtu mwenye namba moja ya simu miaka kumi, intaneti ya kila siku na nyumba isiyohama, inamfaa.

Lakini tujiangalie sisi. Laini zetu zinakufa. Simu moja inatumiwa na watu sita. Kompyuta moja ni ya darasa zima. Watu wetu wanahama, na tunawaombea wahame salama. Tarehe zetu za kuzaliwa ni mbili. Watoto nao, nchi nyingi zinataka mtoto wa chini ya miaka 13 apate ruhusa ya mzazi mwenye akaunti yake, na mzazi mwenyewe hana hata barua pepe. Akaunti ya lazima inakuja na maswali ambayo maisha yetu hayawezi kuyajibu vizuri.

NJIA TULIZOJARIBU

Sasa habari ya kufaa. Mlango wa pembeni upo, na si wizi wala si kuvunja kufuli la mtu. Kompyuta ni yako. Ila milango inabadilika. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuondoa baadhi ya njia hizi kwenye matoleo yake ya majaribio. Kwa hiyo ikishindikana ya kwanza, usikate tamaa, pita ya pili.

Njia ya kwanza, kama ni Windows 11 Pro. Ikifika mahali pa kuchagua matumizi, chagua ya kazi au shule. Ukurasa wa kuingia ukitokea, usiandike barua pepe. Bonyeza "Sign-in options", halafu "Domain join instead". Itakuuliza jina tu. Andika jina, mfano Darasa, weka neno la siri na majibu ya maswali matatu ya ukumbusho, basi umemaliza.

Njia ya pili, kama ni Home. Ukifika ukurasa wa nchi au wa intaneti, usiunganishe kitu chochote. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja; kwenye kompyuta nyingine ndogo unaongeza na Fn. Kidirisha cheusi kitafunguka. Andika OOBE\BYPASSNRO, bonyeza Enter. Mashini itazima na kuwaka yenyewe. Ukifika tena kwenye intaneti utaona maneno "I don't have internet". Bonyeza hapo, endelea. Kwenye matoleo mapya kabisa njia hii inaweza kukataa.

Njia ya tatu ni ya fundi. Kuna programu ya bure inaitwa Rufus. Kwa kompyuta nyingine yenye Windows unaandaa flashi ya GB 8 au zaidi ya kuwekea Windows, na Rufus inakuuliza kama unataka kuondoa sharti la akaunti. Unaweka alama, unaweka Windows upya bila kuunganisha intaneti. Angalieni: njia hii inafuta kila kitu. Ni ya mashini mpya isiyo na kitu ndani, au ile ambayo umeshatoa nakala.

Njia ya nne, kama yote yamekataa. Fungueni barua pepe mpya ya darasa au ya familia, si ya mtu mmoja, mwanzishe nayo. Kisha siku hiyo hiyo, kabla hamjaandika hata neno moja, ingieni "Settings", halafu "Accounts", halafu "Your info", mbonyeze "Sign in with a local account instead". Hapo mashini inarudi kwenye akaunti ya ndani. Ule ufunguo wa tarakimu 48 mnakili kwenye karatasi kwanza. Na kule kwenye OneDrive zimeni kunakili, kama hamtaki faili ziende.

Wenye kompyuta ambazo tayari zinafanya kazi, hii ya nne inawahusu ninyi pia. Hamhitaji kufuta kitu.

NA KOMPYUTA ZA ZAMANI?

Hapa kambini kompyuta nyingi si mpya. Zina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi zimezeeka mno, hazipokei Windows 11. Msizitupe. Kuna mifumo ya bure ambayo haijawahi kudai akaunti ya intaneti ili uanze: Ubuntu, Linux Mint, Debian. Linux Mint inaweza kutembea kwenye mashini yenye kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni raha zaidi. Inakuja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu za alama.

Uzuri mwingine, unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuiweka, uone kama inaendana na mashini yako. Ukipenda unaiweka, usipopenda unachomoa flashi.

Ile kompyuta yetu iliyofutwa sasa ina Linux Mint. Wanafunzi walilalamika siku mbili kwamba haifanani na ile nyingine, siku ya tatu wakasahau. Na jina Ubuntu, ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wakalicheka kwa furaha: neno lile kwao lipo, ni utu. Mfumo wenye jina hilo ulitoka mara ya kwanza mwaka 2004.

SIMU ZA MKONO WA PILI

Wazazi wengi watasema, sisi hatuna kompyuta, tuna simu. Basi sikilizeni hii, maana hapa ndipo watu wanalia sokoni.

Simu mpya ya Android ikikudai akaunti ya Google, kwa kawaida kuna neno "Skip" pembeni, unaruka. Utapiga simu, utapiga picha, utakosa tu duka lao la programu mpaka uweke akaunti. Hatari kubwa iko kwenye simu iliyokwisha kutumika. Tangu karibu 2015 simu nyingi za Android zikifutwa kwa nguvu zinadai akaunti ya mwenye zamani. iPhone zina kufuli la namna hiyo tangu 2013. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwema aliyesahau, anaweza kuwa mwizi. Kwako matokeo ni yale yale: umenunua jiwe.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji kwa heshima aondoe akaunti yake mwenyewe mbele yako kwenye mipangilio, halafu afute simu mbele yako, halafu muiwashe pamoja mpaka ifike mwisho. Akisema ana haraka, mwache aende na haraka yake.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Hatutaki mtu aseme walimu wametukataza akaunti. Hapana. Kijana anayetafuta masomo ya mbali anahitaji barua pepe, na inamfaa. Ubaya ni kuingizwa bila kujua unatoa nini na ufunguo umebaki kwa nani.

Tena akaunti ya ndani ina mzigo wake. Hakuna mtu wa mbali atakayekusaidia ukisahau neno la siri. Mashini ikiibwa au nyumba ikiungua, hakuna nakala huko angani. Na kama umezima lile fumbo la ndani, mwizi anaweza kusoma. Kwa hiyo nakala ni kazi yako wewe. Flashi mbili, moja hapa, nyingine kwa jirani unayemwamini. Karatasi za familia na vyeti, usizitunze sehemu moja tu.

TULICHOPANGA

Baada ya hasara hizi tumekaa na mzee wetu wa kijiji na wazazi wawili, tukakubaliana mambo machache. Kila kompyuta ya darasa ina akaunti ya ndani yenye jina la darasa. Tuna daftari moja la mashini: imetoka wapi, ilianzishwa lini, na nani. Neno la siri na tarakimu zile 48 zimeandikwa kwenye karatasi mbili ndani ya bahasha zilizofungwa. Moja kwa mwalimu, moja kwa mzazi. Mwalimu akipata safari, kabla ya kumwimbia tunabadilisha neno la siri na kuandika daftarini. Barua ya mtu inaondoka na mtu kwenye flashi, na kwetu inafutwa kabla hajavuka mlango.

Mama yule alirudi mwezi uliopita. Tulidhani hatarudi. Alikuja na flashi yake imefungwa kwenye kona ya kitenge, akataka kuongeza ukurasa mmoja kwenye barua. Kabla hajakaa aliuliza, "Hii mashini leo inamwambia nani?" Tukamwonyesha intaneti imezimwa, tukamwonyesha jina la akaunti. Aliangalia muda mrefu. Halafu akavuta kiti.

Kama una kompyuta au simu ambayo ilianzishwa kwa namba ya mtu mwingine, au mtu aliyekwisha safiri, usingoje ikwame. Ilete Jumamosi baada ya vipindi, saa nane mchana, ikiwa bado inafunguka. Njoo na flashi na karatasi ya kuandikia. Hatutozi kitu. Na kama kuna kijana anayejua njia ambayo sisi hatujaijua, aje atufundishe, tutampa kiti cha mbele.

Tunawatakia mwezi wa amani majumbani mwenu.

Sisi walimu wenu wa darasa la jioni.